Maswali ya Wasomaji: Kutoka Spoti Kwenda Pikipiki ya Masafa

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na hoja moja. Mtu ana pikipiki ya spoti, iwe R6, GSX-R au CBR, na imemchosha kwenye safari ndefu. Sasa anataka ile aina inayokimbia vizuri vilevile lakini yenye usukani wa juu, kioo kikubwa cha upepo na masanduku ya pembeni. Hapa tutaiita pikipiki ya masafa. Waliouliza bei tutawaomba radhi: bei hubadilika na dola na ushuru, na gazeti likikufikia itakuwa imeshapitwa.

Mafundi, habari za kazi. Nina Yamaha R6 ya 2008. Mjini haina neno, lakini kila nikienda kwetu Mbarara, nikifika Lyantonde viganja vimekufa ganzi na shingo inawaka. Nataka kuiuza nichukue FJR1300, pikipiki ya masafa ya Yamaha. Wenzangu wananicheka, wanasema FJR ni basi, nitajuta. Ni kweli? – Mpanda R6, Ntinda

Ganzi yako haitokani na uzee wala uzembe, ssebo. Mkao wa spoti umepimwa kwa mwendo ambao upepo unakusukuma kifuani na kukubebea nusu ya kiwiliwili. Barabara ya Masaka haikupi mwendo huo kwa muda wa kutosha. Mpigi kuna matuta, Kayabwe kuna matuta, Lukaya kuna matuta na watu wa kuku wa kuchoma katikati ya barabara. Kila ukikanyaga breki mwili unateremkia kwenye viganja, na ukipunguza mwendo upepo wa kukunyanyua haupo. Usukani wa FJR uko juu zaidi na karibu zaidi nawe, kwa hiyo uzito unakaa matakoni, mahali pake.

Kuhusu basi, tazama namba. R6 yako ikiwa na petroli na oili ina karibu kilo 190. FJR ya kuanzia 2013 ina kilo 289. Tofauti ni mifuko miwili ya saruji, na utaisikia ukiisukuma kwa miguu, ukigeuza kwenye uwanja wa nyumba na ukisimama mahali penye kokoto. Ikishapita kilomita 40 kwa saa, hutaukumbuka uzito huo mpaka utakapofunga breki.

Injini ndiyo itakayokubadilisha zaidi. R6 inatoa nguvu yake ya kuvuta, karibu Nm (newton-mita) 66, kwenye mizunguko 11,000 kwa dakika. FJR inatoa Nm 138 kwenye 7,000, na ikiwa kwenye 4,000 tu tayari inavuta kuliko R6 inavyoweza kuvuta popote. Ukiwa nyuma ya lori la trela kwenye mlima wa Kabale, na R6 unashusha gia mbili, na FJR unafungua aksileta tu. Tena kumbuka mwinuko: Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari na Kabale inakaribia 2,000. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kompyuta inarekebisha mchanganyiko wa petroli, lakini hewa iliyopungua haiwezi kuirudisha. Injini kubwa ina akiba ya kupoteza, ndogo haina.

Utakachopoteza ni wepesi wa kuhama kutoka kona moja kwenda nyingine, na ile tabia ya kuchelewesha breki. Waendeshaji wa spoti wakihamia FJR hukosea palepale: wanaingia kona kwa mwendo wao wa zamani, wanashtuka, wanakamata breki ya mbele katikati ya kona, na pikipiki nzito inasimama wima na kunyooka kuelekea nje. Maliza breki zako kabla hujainama, chagua gia moja juu kuliko ulivyozoea, kisha shika aksileta kidogo tangu unapoanza kupinda mpaka unapotoka.

Lakini FJR si jibu la kila mtu. Kawasaki Ninja 1000SX ina kilo 235, na Yamaha Tracer 9 GT ya 2021 ina 220. Zote zina cheni, zote zinapokea masanduku, na kwenye foleni ya Jinja Road zinapita mahali ambapo FJR itakaa nyuma ya taksi. Kama siku zako nyingi ni Kampala na Mbarara unaenda mara moja kwa mwezi, sisi tungechukua mojawapo ya hizo. Kama unabeba mtu karibu kila safari na unakwenda Nairobi au Kigali, chukua FJR bila kusikiliza wacheshi. Kabla ya kulipa, jaribu jambo moja: weka tangi lijae, simama kushoto kwake, uirudishe nyuma kwa mikono mita kumi, upande wake kidogo, mahali pa kufanana na unapoegesha nyumbani. Ukishindwa, usiinunue hiyo.

Mimi ni mwanafunzi, pesa ya kubadilisha sina. Naweza kuifanya R6 hiyohiyo iwe ya safari? – Makerere

Nusu ya njia, ndiyo. Anza na usukani. Vipo vipande vya kunyanyua usukani kwa sentimita 2 hadi 5. Ukishafunga, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, injini ikiwa inanguruma bila gia. Mizunguko ikipanda yenyewe, waya wa aksileta umebana na ni hatari. Angalia pia mpira wa breki usivutike wala usikunjwe, na vidole visiguse tangi. Ukizidi sentimita 3, mara nyingi unahitaji mipira mirefu zaidi.

Pili, sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni. R6 yako imetoka kiwandani na meno 16 mbele na 45 nyuma. Weka 43 nyuma, injini itatulia kidogo kwenye kilomita 100 na mtetemo wa mikononi utapungua. Wengine hukimbilia 17 mbele kwa kuwa ni rahisi, na hilo linashusha mizunguko kwa karibu asilimia 6. Lakini R6 husoma mwendo kutoka kwenye giaboksi, kwa hiyo spidi mita nayo itakudanganya kwa kiasi hichohicho: itaonyesha chini kuliko hapo awali. Kioo cha upepo kirefu kinasaidia. Mikoba laini ya pembeni nayo inasaidia, ila ihesabie mahali bomba la moshi lilipo. Kwenye Yamaha R1 za 2004 hadi 2014 bomba liko chini ya kiti, na mikoba ya nailoni imeyeyuka hapo mara nyingi.

Kisichorekebishika ni goti. Vikanyagio viko juu na nyuma, na kiti kina ubao wa sponji nyembamba. Kila baada ya saa moja shuka, tembea dakika tano.

Nimeona FJR, BMW R1200RT na Kawasaki 1400GTR kwenye minada ya Japani na Uingereza. Nitajuaje siletewi mzigo wa matatizo? – Mfanyabiashara, Mbale

Anza na kisoma kilomita. Pikipiki ya Uingereza inasoma maili. Ikiandika 40,000 si kilomita 40,000, ni kama 64,000. Kwenye picha za mnada tafuta herufi "mi" au "mph" pembeni ya namba. Kosa hili dogo limewafanya watu walipe bei ya pikipiki changa kwa pikipiki iliyokwishapita wakati wa kupimwa valvu. Kwa FJR kazi hiyo hufika karibu na kilomita 40,000: unavua tangi na makava mengi, na fundi asiye na filer na shimu, yale mabati membamba ya kupima na kurekebisha nafasi ya valvu, hapaswi kuigusa.

Kisha taa. Japani, Uingereza na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo taa zao zinamulika vizuri hapa. Iliyotoka Marekani, Dubai, Ujerumani au Ufaransa inaweza kuwa na mwanga uliopandishwa upande wa kulia, yaani machoni mwa anayekuja. Usiku, iegeshe mita 5 kutoka ukutani, washa taa ya chini. Mstari wa juu wa mwanga ukiwa umenyooka, hakuna shida. Ukipanda kushoto, ni sawa. Ukipanda kulia, hesabu gharama ya taa nyingine.

FJR za 2006 hadi 2009 ziliitwa na Yamaha kurekebishwa swichi ya ufunguo. Si zote zilirudi dukani. Washa injini, zungusha usukani kushoto na kulia mara kadhaa, tikisa ufunguo polepole. Ikizimika au taa za dashibodi zikipepesa, swichi au waya zake zimechoka, na ugonjwa huo hupenda kukupata barabarani. Jambo la pili kwa FJR ni kikaza cheni ya kamshafti, yaani cheni ya ndani ya injini inayoendesha valvu. Iache ilale usiku mzima, asubuhi iwashe mwenyewe, isiwe muuzaji ameipasha kabla hujafika. Ikitoa mlio wa mnyororo upande wa kulia wa injini kwa sekunde mbili tatu, badilisha kikaza hicho kabla hujafanya safari yoyote. Kikishindwa, cheni huruka jino, valvu zikagonga pistoni, na hapo hukarabati tena, unanunua injini.

1400GTR haina ufunguo wa kawaida, ina kidude cha mfukoni kinachoongea na kompyuta. Dai vyote viwili viwepo. Kuongeza kipya ukiwa na kimoja kinachofanya kazi ni jambo dogo kiasi. Ukivipoteza vyote, hapa Uganda utakaa na pikipiki ya kuangalia.

R1200RT za mwaka 2005 mpaka 2009 ziangalie gia ya nyuma, ile inayozungusha gurudumu. Ipandishe kwenye stendi ya kati, shika tairi la nyuma juu na chini, litikise. Likicheza hata milimita moja, au kukiwa na oili kwenye rimu, beringi ya ndani imeanza kufa. Nyingine zote zitazame hivihivi, ingawa si kwa wasiwasi uleule.

Umeme upime kwa mita ya volti. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma 12.6 hadi 12.8. Ikiwashwa na kushikiliwa kwenye mizunguko 4,000, inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo haichaji, juu ya 15 rektifaya, kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji, inaikaanga betri. Honda VFR800 zina sifa mbaya hapa: rektifaya zake huungua kwa joto, na plagi yake ya waya hubadilika rangi kuwa kahawia. Ukiona kahawia, usiweke plagi mpya peke yake, badilisha vyote viwili.

Mwisho, tairi. Kando ya tairi kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini la miaka minane ni plastiki, kwenye mvua ya Mukono litakutupa. Ukiwa unaagiza pikipiki, agiza na vifaa kwenye kontena hilohilo: filta mbili za oili, filta moja ya hewa, pedi za breki za mbele na nyuma, plagi nne za injini, leva moja ya klachi na moja ya breki. Kwenye soko la vipuri la Kisekka utapata kila kitu cha Bajaj Boxer ya boda, hata usichokitaka. Pedi za 1400GTR utaandikiwa uje wiki ijayo.

Nimesikia pikipiki ya shafti kama FJR, isiyo na cheni, haina matengenezo kabisa. – Boda mstaafu, Masaka

Ina machache, na ndiyo maana watu huyasahau. Gia ya nyuma ya FJR inabeba oili kidogo sana, lita 0.2. Oili ndogo hivyo haina msamaha: ikivuja nusu, imebaki nusu kikombe cha chai. Tunashauri ibadilishwe kila kilomita 10,000, ingawa vitabu huruhusu zaidi, na palepale ukipita kwenye maji yaliyofika ekseli. Tumia oili ya gia aina ya haipoidi kama kitabu kinavyosema. Safiri kwanza ili ipate moto, fungua boliti ya chini, tazama ncha yake, hasa kama ina sumaku. Matope laini ya kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa kucha ni meno ya gia yanaondoka. Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji.

Kila unapobadilisha tairi la nyuma, paka grisi ya molibdeni kwenye meno yanayounganisha rimu na gia. Fundi wa tairi wa kawaida hatalifanya hilo usipomwambia, na meno yakikauka kutu huyala mpaka siku moja unafungua aksileta injini inalia na pikipiki haiendi.

Cheni yako ya zamani ilikuwa ya kazi zaidi, lakini haikuficha ugonjwa wake. Kwenye vumbi jekundu inahitaji kusafishwa na kupakwa oili kila kilomita 500. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini, si petroli, kwa sababu petroli hukausha mipira ya ndani. Kadirio la ulegevu limebandikwa kwenye swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Walioivuta cheni mpaka ikakaza kama waya wa gitaa ndio waliomaliza beringi za giaboksi.

Niweke oili ya gari? Fundi wangu anasema ni ileile. – Mbarara

Usiweke, isipokuwa chupa imeandikwa JASO MA au MA2, alama ya Kijapani ya oili ya pikipiki. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za magari ya kisasa zina dawa ya kupunguza msuguano. Klachi inaanza kuteleza ukifungua aksileta kwenye gia ya juu: mizunguko inapanda, mwendo haupandi. 10W-40 inatosha hali yetu ya hewa. FJR inachukua karibu lita 4 pamoja na filta. Mimina lita 3.5 kwanza, washa dakika mbili, zima, subiri, ongeza kidogo kidogo ukitazama dirisha la kioo pikipiki ikiwa wima.

Mimi ni mwanamke wa sentimita 163. Nimependa FJR ya kaka yangu lakini naogopa kuiangusha. – Jinja

Utaiangusha mara moja, dada, karibu kila mtu huiangusha mara moja, na mara nyingi akiwa amesimama. Urefu si kikwazo kama unavyodhani. Kiti cha FJR kina nafasi mbili, milimita 805 na 825, na R6 inayopandwa na wafupi wengi iko 850. Weka ya chini. Buti zenye soli nene zinakuongezea sentimita mbili. Ukisimama, shusha mguu wa kushoto peke yake, wa kulia ubaki kwenye breki. Usijaribu kugusa chini kwa ncha za miguu yote miwili, huko ndiko inakoanguka.

Kugeuza polepole kufanye hivi kwenye uwanja mpana usio na kokoto. Gia ya kwanza, klachi nusu, aksileta kidogo isiyobadilika, na breki ya nyuma ikiguswa kwa upole ili kuituliza. Tazama unakotaka kutoka, usitazame tairi. Breki ya mbele isiguswe kabisa usukani ukiwa umegeuzwa. Na hapa kuna mtego wa FJR za kuanzia 2006: breki zake zimeunganishwa, ukikanyaga ya nyuma inakamata na sehemu ya mbele. Kwa hiyo kwenye mgeuzo wa polepole gusa tu, usikanyage.

Ikianguka, zima injini kwanza. Kama imelalia kulia, fungua stendi ya pembeni kabla hujaanza kuinua, ili ikipita wima isiende upande wa pili. Iweke kwenye gia ya kwanza. Geuza usukani mpaka mwisho, tairi la mbele likielekea chini. Ipe mgongo, matako yakiegemea kiti, mkono mmoja ushike kishikio cha usukani kilicho chini, mwingine ushike reli ya nyuma au fremu, usishike plastiki. Nyoosha mgongo, sukuma kwa miguu, tembea kinyumenyume kwa hatua ndogo. Mikono haifanyi kazi ya kuinua hapo, inashikilia tu. Harufu ya petroli ikiwa kali subiri dakika tano kabla ya kuwasha.

Maegesho nayo: pua ielekee juu ya mteremko, gia ikiwa imeingia. Ukiegesha pua chini ukutani, hutaweza kuirudisha kilo 289 nyuma kupanda.

Tunakwenda Kabale na mke wangu, mimi kilo 85, yeye 70, na masanduku mawili. Nitapangaje? – Kireka

Upepo wa tairi kwanza, asubuhi kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi. FJR mbele 36 psi, nyuma 42. Mita za vituo vya petroli nyingi zimepondwapondwa, nunua yako ndogo. Njiani tairi zikipata moto zitapanda kwa psi 4 hadi 6. Usizitoe upepo, zimefanya inavyotakiwa. Tairi lenyewe la nyuma liwe 180/55 ZR17 lenye namba 73W. 73 ni uzito, lina uwezo wa kubeba kilo 365. Kwa pikipiki nzito kama hii tafuta yale yaliyoimarishwa, mfano Michelin Road zenye herufi GT au Pirelli Angel GT ya aina A. Tairi laini la R6 likifungwa huku litaisha katikati ukiwa bado unalisifia.

Springi ya nyuma ya FJR isiyo ya umeme ina leva ya laini na ngumu; ukibeba mtu iwe ngumu. Kisha pima inavyozama. Ikiwa kwenye stendi ya kati tairi la nyuma likiwa hewani, pima kutoka ekseli mpaka alama uliyoiweka kwenye mkia, tuseme milimita 600. Ishushe, kaeni wote wawili na mizigo yote, mtu wa tatu apime tena. Ikisoma 565, imezama 35, na hiyo ni nzuri. Kati ya 30 na 40 inafaa. Ikizama 50, kwenye matuta marefu itagusa chini, maana nafasi yake kutoka ardhini ni kama sentimita 13 tu hata kabla ya mzigo, na taa yako itamulika juu ya miti. Ishushe taa kwa kitasa chake.

Masanduku mengi yana kikomo cha karibu kilo 10 kila moja. Kibandiko kiko ndani ya kifuniko. Vizito weka chini na kuelekea mbele. Sanduku la juu la nyuma usilijaze spana: uzito ulio nyuma ya ekseli unalegeza tairi la mbele, na usukani unaanza kutikisika unapoachia mkono kati ya 70 na 90. Ukilisikia hilo, usifunge breki, kaza miguu kwenye tangi, achia aksileta polepole. Mjini Kampala masanduku yavue yabaki nyumbani. Nayo FJR yenye tangi la lita 25, ikila kama lita 6 kwa kilomita 100, itawafikisha zaidi ya kilomita 300 bila kugusa akiba, kwa hiyo jazeni Mbarara na hamtahangaika.

Joto. Kwenye foleni ya Wandegeya feni haizimi na mapaja yanaiva. Imeharibika? – Kawempe

Feni kuwaka joto likipita nyuzi 100 ni kawaida. Maji ya rejeta yaliyochanganywa nusu kwa nusu na kulanti, chini ya kifuniko kinachobana, hayachemki hapo. Kinachoharibu ni kujaza maji matupu ya bomba. Ongezea kulanti halisi, puliza vumbi na wadudu kwenye mapezi ya rejeta kutoka ndani kuelekea nje, na usitumie mashine ya maji yenye nguvu, inakunja mapezi. FJR za kabla ya 2006 zinachoma miguu zaidi kuliko za baadaye, hilo halina dawa zaidi ya suruali nzito.

Kwenda Kigali na Nairobi ninahitaji nini, na je, pikipiki ya masafa itafika mbuga ya Kidepo? – Ntungamo

Kwa mipaka yote miwili chukua kadi ya njano ya bima ya COMESA kutoka kampuni ya bima yako, inakubalika Kenya, Rwanda na Tanzania. Kitabu cha pikipiki kiwe kwa jina lako, la sivyo barua ya mwenyewe iliyothibitishwa. Daraja A kwenye leseni.

Ukivuka Katuna unahamia upande wa kulia. Taa inayopandisha mwanga kushoto sasa inawapiga machoni wanaokuja. Ukiwa bado Kabale, tazama mwanga ukutani, sogeza kiganja juu ya kioo cha taa mpaka ile sehemu iliyopanda ipotee, bandika hapo kipande cha utepe mweusi. Ukirudi, kivue. Na asubuhi ya kwanza baada ya kuvuka, kosa hutokea ukitoka kituo cha petroli barabara ikiwa tupu, kwa hiyo bandika utepe mwingine kwenye tangi wenye mshale wa kulia.

Kidepo kupitia Kotido, hapana. Tairi za inchi 17 za lami, makava ya chini na kilo zote hizo juu ya murramu yenye mawimbi kama mabati ni kuivunja pikipiki kwa hiari. Kama nusu ya safari zako ziko huko, usinunue ya masafa, tafuta yenye gurudumu la mbele la inchi 19 au 21 na springi ndefu.